Kununua malikale za vitani si kuziokoa

SWALI: Muuzaji mmoja mtandaoni ananiuzia kibao cha udongo chenye maandishi ya kikabari (ya kale, yenye alama kama kabari), anasema kimetoka kusini mwa Iraq. Kina cheti cha uhalisi, na nimekitafuta kwenye daftari la vitu vilivyoibwa, hakimo. Nikikinunua na kukitunza hadi kwao kutulie ndipo nikirudishe, si nitakuwa nimekiokoa? Na ile chumvi nyeupe juu yake naiondoaje?

JIBU: Chumvi iache. Vibao vingi havikuchomwa, ni udongo uliokaushwa tu. Ukikiloweka kinalainika, na siki, ambayo mafundi wa mitandaoni wanaipigia debe, hula chokaa iliyomo na kuondoka na maandishi.

Hilo la "kuokoa" ndilo linalonichosha, maana kila vita vikizuka naletewa. Fedha yako inapita kwa madalali hadi kwa aliyechimba usiku, naye anaelewa jambo moja: kuna mnunuzi, achimbe kingine. Baada ya uvamizi wa 2003, Umma na Isin, miji ya kale ya kusini mwa Iraq, iligeuzwa mashimo matupu. Kibao kikishang'olewa hivyo, hakuna atakayejua kilikuwa chumba gani wala kando ya vibao vipi. Hata ukikirudisha kesho, hilo halirudi.

Ndiyo maana daftari limenyamaza. Kitu cha makumbusho kina namba ya wino ubavuni, kadi na picha. Vilipoporwa vitu takriban 15,000 katika Makumbusho ya Iraq, Baghdad, Aprili 2003, angalau palikuwa na cha kulinganisha. Kilichochimbwa kwa wizi hakikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo kutokiona hakukuhakikishii chochote.

Cheti nacho kinasema kitu ni cha kale (na mara nyingi anayekitoa ndiye anayeuza). Azimio 1483 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linauliza jingine kabisa: kilitoka Iraq lini, na kwa ruhusa ya nani? Vilivyotolewa kinyume cha sheria tangu 6 Agosti 1990 ni marufuku kuuzwa. Hapo ndipo zinapozuka barua za "mkusanyo wa babu", zinazodai kitu kilitoka Iraq kabla ya tarehe hiyo. Kibao chenye sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, utenzi wa kale wa Iraq, kilikuja na barua ya uongo kwamba kilitoka kwenye mnada wa 1981. Kampuni ya Marekani ikakilipia dola 1,674,000 mwaka 2014, serikali ya huko ikakikamata 2019, kikarudi Iraq 2021. Kampuni yenye wanasheria wake iliingia mkenge. Wewe unayo picha ya simu. Sasa Makumbusho ya Taifa ya Khartoum nayo imeporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023, basi tusubiri barua za mababu wa Sudan.

Muuzaji usimwambie kitu. Hifadhi tangazo, picha, jina analotumia na ujumbe wake wote, upeleke polisi na ubalozi wa Iraq. Kama umeshalipa na kibao unacho, usimrudishie yeye: usikifanye lolote, kiache ndani ya boksi lake hadi wachukue.