Kizibo cha soda kwenye kiatu changu

Siku ile nilifundisha vipindi vinne nikiwa nimesimama, nikatembea kwa miguu kutoka shuleni hadi msikitini, nikavua viatu ili nitawadhe. Soksi ya kulia ilikuwa imelowa damu. Nikapekua kiatu, nikakuta kizibo cha soda, meno yake yametazama juu. Mjukuu wangu wa miaka mitatu huficha hazina zake popote penye uwazi, na usiku wa kuamkia siku hiyo alichagua kiatu cha babu. Nilikuwa nakikanyaga tangu saa moja asubuhi na sikusikia chochote.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mishipa ya fahamu nimeichora ubaoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Tena miguu hiyohiyo naiosha mara tano kwa siku. Kumbe mtu anaweza kuosha bila kutazama.

Niligundulika na kisukari miaka sita kabla ya kizibo. Kliniki sikukosa. Kila mara ni foleni, daftari, kutobolewa kidole, kupimwa presha, kuchukua vidonge vya sukari vya metformini, kwaheri. Sukari ikisoma saba naambiwa, "Hongera, mzee," nami narudi nyumbani kifua mbele. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia nivue viatu. Benchi limejaa hadi nje na muuguzi ni mmoja, kwa hiyo siwalaumu sana. Kidogo nalaumu.

Kidonda kilichukua wiki saba kufunga, na wiki saba za kukaa umeinua mguu juu ya stuli ni muda mrefu wa kusoma. Nikaufikia utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kwa kifupi kama UKPDS, ulioanza mwaka 1977 chini ya Robert Turner na Rury Holman wa Oxford. Walifuatiliwa wagonjwa 5,102 wa kisukari cha aina ya pili, wote ndio kwanza wamegundulika, na majibu makubwa yakatolewa mwaka 1998. Wengi wakiutaja huzungumzia dawa ipi ilishinda. Mimi nilikwama mwanzoni kabisa: siku ya kuandikishwa tu, takriban nusu ya watu wale tayari walikuwa na dalili za madhara mwilini, machoni au kwingine.

Ilikuwaje? Mwaka 1992 watafiti wengine walichukua wagonjwa wa Wisconsin, Marekani, na wa Australia Magharibi, wakaangalia macho ya waliougua mwaka mmoja, miaka mitano, miaka kumi, wakachora mstari. Kisha wakauvuta mstari ule nyuma mpaka pale ambapo hakuna jicho lililoharibika. Ulifika miaka minne hadi saba kabla ya mgonjwa kuambiwa ana kisukari. Wahenga walimsema mficha maradhi. Haya ni maradhi yanayojificha yenyewe. Ile miaka sita yangu huenda ilikuwa kumi na zaidi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaobeba daftari kama langu, tusidanganywe na ile namba ya kidoleni. Inasema sukari ikoje asubuhi hiyo. Haisemi miguu, figo wala macho yakoje.

Nianze na miguu, maana ndiyo iliyonifunza. Daktari Paul Brand alitibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Watu waliamini kwamba ukoma huozesha vidole. Yeye akaona kwamba vidole vinaisha kwa majeraha: mgonjwa anashika sufuria la moto, anatembea na msumari, na hana maumivu ya kumzuia. Wengine waliamka asubuhi na kukuta kidole kimetafunwa, ikaja kubainika ni panya usiku, wakawa wanapewa paka. Baadaye Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na ujuzi wa huko ukavuka kwenda kwa wagonjwa wa kisukari, ambao nao mishipa ya fahamu ya miguu huweza kufa ganzi. Kipimo chenyewe cha ganzi ya miguu ni uzi wa nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia, unaopinda ukigandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Unafumba macho, unaguswa nyayo, unasema "nasikia". Nilipopimwa nilisema mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo nilikisia.

Omba kipimo hicho walau mara moja kwa mwaka. Nyumbani tazama nyayo kila usiku; usipoweza kuinama, weka kioo sakafuni au mwite mtu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Usijaribu maji ya moto kwa mguu, tumia kiwiko. Na kidonda kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali, si cha kusubiri.

Figo nazo zina unafiki wake. Mimi nilipimwa mkojo kwa ule ukanda wa kuchovya, nikaambiwa safi. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa London na Denmark walishaonyesha kwamba albumini (aina ya protini ya damu) kidogo sana mkojoni, kiasi ambacho ukanda wa kawaida haukioni, hutangulia figo kuharibika. Kwa hiyo taja jina: "Naomba kipimo cha albumini ya mkojo." Nilipokipima, ilikuwepo. Daktari akaniuliza ninameza nini kingine, nikakiri kwamba magoti yakiniuma hununua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa la mtaani. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyenakili. Dawa za kundi hilo huumiza figo, na zangu zilikuwa tayari zinalalamika kimyakimya.

Macho nitasema machache: kusoma gazeti vizuri si ushahidi. Lazima utiwe matone ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho paonekane, na siku hiyo nenda na mtu, kwani utarudi huoni vizuri.

Presha usiidharau kwa kuwa umekuja kwa ajili ya sukari. Katika utafiti uleule wa Uingereza, wagonjwa 1,148 wenye presha waligawanywa, na waliodhibitiwa kwa ukali zaidi walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44.

Siku hizi nikifika kliniki navua viatu nikiwa bado kwenye benchi, ili muuguzi asipate pa kunirukia. Mwezi uliopita mzee aliyekaa karibu yangu alinitazama weee, kisha akauliza kama humo ndani kumetandikwa mikeka. Nikamwambia avue na yeye.