Miaka 3 haingojei mazungumzo

Dada, acha kungoja. Umeandika kuwa ulikuwa kibarua wa kaunti miaka 5, mkafungiwa lango miaka 2 na miezi 7 iliyopita, na sasa mwenyekiti wa kamati yenu anawaambia mtulie kwa sababu mazungumzo na ofisi ya gavana yanaenda vizuri. Nilipofika hapo moyo ulinipasuka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Nilikusanya ushuru sokoni miaka 6, kwa malipo ya siku. Nilianza enzi za manispaa, kaunti ikaturithi 2013. Tarehe 14 Machi 2016 tulifika asubuhi tukakuta majina yetu hayamo kwenye orodha. Tulikuwa watu 42. Tukaunda kamati, kila mtu shilingi 500 kwa mwezi za kumtafuta wakili. Mwenyekiti akawa anarudi na habari tamu: leo ameonana na katibu wa kaunti, wiki ijayo bodi inakaa, mwezi ujao barua za ajira ya kudumu zinatoka. Msimamizi wetu, mzee tuliyemheshimu kama baba, akatuonya kwamba atakayekimbilia korti jina lake litakatwa kwanza. Tukatii. Miezi ikaliwa hivyo hivyo, na zile mia tano zetu pia.

Tulipochoka tulifungua kesi Mombasa, tarehe 9 Mei 2019. Wakili wa kaunti hata hakubisha kwamba tulifanya kazi. Alileta pingamizi moja tu: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa miaka 3 ya kufungua kesi tangu siku ya kuachishwa, na sisi tumechelewa wiki 8. Tukasema tulikuwa kwenye mazungumzo. Jaji akatueleza kwamba mazungumzo hayasimamishi muda, na kwamba korti haina uwezo wa kuuongeza kwa madai ya mkataba wa kazi. Kesi ikatupwa. Nilikuwa nimebeba faili ya malipo yangu ya M-Pesa, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeifungua. Tulipotoka nje, mama mmoja aliyefagia soko lile miaka mingi kuliko sisi sote akaniuliza, "Kwa hivyo wamesema hatukufanya kazi?" Sikuwa na la kumjibu. Mwenyekiti siku hiyo hakuja. Baadaye tukasikia yeye barua yake aliipata.

Hasira yangu kwake haijaisha, na ndiyo maana nakuandikia hivi. Fungua kesi kwanza, halafu zungumzeni mpaka mchoke. Kesi ikiwa kortini bado mnaweza kukubaliana nje, na makubaliano yakasajiliwa. Muda ukipita, hakuna atakayejali kuzungumza nanyi tena. Kwani mtamtisha gavana na nini?

Umeuliza kuhusu kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Ajira. Ndiyo, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Hapo unaweza kudai notisi ya siku 28, na ikithibitika umeachishwa isivyo haki, fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Lakini anayewaahidi kwamba kifungu hicho kinaleta pensheni anawadanganya. Na kwa dhara linaloendelea, yaani kosa la mwajiri linalorudiwa bila kukatika, sheria inatoa miezi 12 tu tangu likome, kwa hivyo baadhi ya madai yenu huenda yameshapotea mkiwa mmekaa kwenye mikutano.

Wiki hii nenda ukachapishe taarifa zako za M-Pesa za miaka yote 5. Tafuta picha za daftari la mahudhurio, jumbe za msimamizi, chochote chenye tarehe. Kamati ikikataa kwenda, nenda peke yako. Mtu anaruhusiwa kujiwakilisha katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa hesabu yako una kama miezi 5, lakini "miaka miwili na miezi saba" si tarehe. Niandikie siku yenyewe mliyofungiwa lango, tuhesabu pamoja zimebaki ngapi.