Namba ya pili kwa ukubwa: msianze na sufuri

Wadogo zangu mnaojiandaa kwa mahojiano ya kazi hapa Nairobi, swali la kutafuta namba ya pili kwa ukubwa ndani ya arei (orodha ya thamani zenye nafasi zilizohesabiwa) linawaangusha bure, na kila kundi jipya linaanguka palepale.

1. Someni swali lote. Katika [150, 150, 100], jibu ni 150 au 100? Ulizeni kabla ya kugusa kibodi. Mimi hapa nachukua 100.

2. Msiandike `kubwa = 0` na `pili = 0`. Tukae hapa kidogo. Mnajaribu programu yenu kwa nauli za matatu, [80, 100, 150, 70], inatoa 100, mnaridhika. Nauli haishuki chini ya sufuri, basi jaribio hilo lisingefichua kosa hata mngelirudia mwezi mzima. Wekeni sasa hesabu za kibanda cha soko la Gikomba kwa siku tatu za hasara: [-700, -300, -1200]. Hakuna inayoizidi sufuri, sharti halitimii hata mara moja, na programu inajibu 0, namba isiyokuwemo kwenye arei. Wala haitoi onyo! Anzeni na `kubwa = a[0]`, yaani kipengele cha kwanza cha arei a, na `pili = None`, yaani bado hakuna thamani.

Kisha, kwa kila x ndani ya arei: x ikizidi kubwa, kwanza `pili = kubwa`, ndipo `kubwa = x`. Mkigeuza mpangilio huo, kubwa ya zamani imepotea na zote mbili zinakuwa sawa. Na tawi la pili (sharti la pili), ambalo wengi hulisahau: x ikiwa ndogo kuliko kubwa, na pili bado ni None au x inaizidi, `pili = x`. Bila tawi hilo, [150, 80, 100] inamaliza lupu (mzunguko unaopitia arei) pili ikiwa None, kwa sababu kubwa zaidi ilitangulia. Fuateni kwa kalamu na karatasi, thamani moja moja, mtaona.

3. Indeksi (namba ya nafasi, inayoanzia 0) ya mwisho ni n-1, n ikiwa idadi ya vipengele. Java itawakatalia mkivuka. Python, mkiandika `a[i-1]` i ikiwa 0, inawapa kipengele cha mwisho bila kulalamika, na hilo ni baya zaidi.

4. Kupanga arei kwanza kunagharimu O(n log n), yaani hatua zinazokua haraka kuliko n yenyewe, na `a[-2]` bado itawapa 150 penye marudio. Lupu moja inatosha.

5. Jaribuni arei tupu, yenye kipengele kimoja, na [5, 5, 5]. Ile tupu itakufa kwenye `a[0]`, kwa hiyo ikagueni kabla. Hizo nyingine mbili zirudishe None.