Kanada ipokee wageni zaidi? Jibu kwa ndugu wa Lubumbashi

Tangu Kanada itangaze kwamba inapunguza wahamiaji, sisi tulio huku Kanada tunaulizwa swali lile lile kutoka Katuba, Kenya na Kampemba, komini za Lubumbashi: "Ninyi mmeshaingia, sasa mnafurahia mlango ufungwe?" Hapana, ndugu zetu. Kanada inaweza kupokea watu wengi kuliko inavyopokea sasa, na ingefaa ifanye hivyo. Ilipokosea ni pale ilipoingiza watu kwa karatasi za muda bila nyumba za kuwalaza, kisha lawama za kodi ya nyumba zikawaangukia wao.

Mwaka 2022 serikali ilipanga kufikia wakaaji wa kudumu 500,000 katika mwaka 2025. Oktoba 2024 ikarudi nyuma: 395,000 kwa 2025 na 380,000 kwa 2026. Nyumbani watu wanazitazama namba hizo peke yake, wakati walioongezeka kwa kasi ni wengine. Mwisho wa 2023 vibali vya wanafunzi wa kigeni vilikuwa vimezidi milioni moja, katika nchi ya watu kama milioni 40. Vyuo vingi vilikuwa vinaishi kwa karo ya wageni, ambayo ni mara kadhaa ya karo ya mwenyeji. Kila mwanafunzi wa ziada alikuwa feza, na hakuna aliyewajibika kumtafutia pa kulala.

Fanyeni hesabu wenyewe. Katika jimbo la Ontario, mshahara wa chini ni dola 17.60 za Kanada kwa saa tangu Oktoba 2025. Masaa 40 kwa wiki yanaleta kama 3,000 kwa mwezi, na baada ya makato zinabaki kama 2,500. Toronto, nyumba ya chumba kimoja cha kulala imevuka 2,000. Na huyo ni mtu mwenye haki ya kufanya kazi wiki nzima. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kupita masaa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Ndiyo sababu wanadai aonyeshe dola 22,895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na karo na tiketi. Familia ikiuza kiwanja Ruashi ili kijana aende chuo kidogo cha miaka miwili, mara nyingi haijui jambo hili: tangu Novemba 2024, kwa vyuo vya aina hiyo, kibali cha kazi baada ya masomo kinategemea fani iliyomo kwenye orodha ya serikali. Fani isipokuwamo, kijana anamaliza na diploma mkononi bila ruhusa ya kubaki kufanya kazi. Mke au mume naye hapati tena kibali cha wazi, yaani cha kumfanyia kazi mwajiri yeyote, ila kama masomo ni ya ngazi ya juu, kwa mfano masta ya miezi 16 au zaidi. Tukiwakataza njia hiyo msituone wachoyo.

Njia yenye nguvu kwenu ni Kifaransa, na ajabu ni kwamba wengi wa Lubumbashi hawaihesabu kuwa mali. Kanada inataka wasemaji wa Kifaransa nje ya Québec wafike asilimia 10.5 ya wakaaji wapya wa kudumu ifikapo 2028. Katika Entrée express, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, mwaka 2025 kulikuwa na mzunguko wa Kifaransa uliochukua watu kuanzia pointi 379, wakati mizunguko ya wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada ilidai zaidi ya 500. Sharti ni ngazi ya 7 ya kipimo cha Kanada katika kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika, zote nne, kwa mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada. Msidhani kusoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi kunatosha. Sehemu ya kuandika ni dakika 60, na anayejua kuandika vizuri kwa kalamu lakini anatafuta herufi moja moja kwenye kibodi anaishiwa muda. Matokeo yanaishi miaka miwili tu, kwa hiyo msifanye mtihani kabla ya kujua diploma itathminiwe lini. Huko ndiko dosie nyingi zinakolala: shirika la kutathmini linataka releve za pointi, yaani karatasi za matokeo ya masomo, zitoke moja kwa moja kwa sekretarieti ya chuo kikuu. Anzeni na hiyo.

Feza za kuanzia maisha ni zaidi ya dola 15,000 kwa mtu mmoja na zaidi ya 28,000 kwa familia ya watu wanne. Barua ya benki inaonyesha wastani wa miezi sita iliyopita. Akaunti tupu iliyojazwa wiki jana na wajomba wanne inaonekana mara moja.

Kuhusu komisionere, yaani madalali, wanaouza "kontra ya kazi Kanada": tangu tarehe 25 Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi tena pointi katika Entrée express. Anayewauzia pointi hizo anauza kitu ambacho hakipo. Na sheria ya Ontario inakataza kumtoza mfanyakazi wa kigeni feza ili apate kazi.

Ofa ya kweli ina maana kubwa kwingine. Mwanzoni mwa 2025 Kanada ilianzisha mpango wa majaribio kwa jamii za Kifaransa, na miji ya migodi Sudbury na Timmins imo. Hapo ngazi ya 5 ya Kifaransa inatosha, lakini mwajiri lazima awe ameidhinishwa na mji wenyewe. Mtu wa Katanga aelewe kwamba Sudbury migodi iko chini ya ardhi. Aliyeendesha lori kubwa kwenye shimo la wazi la Kolwezi si sawa na aliyeshuka kwenye migodi ya Kipushi au Kamoa-Kakula. Aliyeshuka aandike wazi mashine, kina na miaka. Enjinia naye ajue kwamba tangu Mei 2023 chama cha maenjinia cha Ontario hakidai tena uzoefu wa Kanada ili kutoa leseni. Miezi 48 ya kazi inayothibitishika inahitajika bado, kwa hiyo barua za wakubwa wenu wa kazi ziombeni sasa, kabla hawajahama kampuni.

Kuhusu haki, sisi watu wa Lubumbashi hatuna ruhusa ya kuzungumza kana kwamba suala hili ni la wazungu. Mji wetu, ulioanzishwa 1910, ulijengwa na wageni: Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Na mwaka 1992 na 1993 ndugu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wengine waliozaliwa huko huko, wakalala kwenye stesheni za reli wakingoja treni. Tunaodai Kanada itupokee, tuseme pia tunawapokeaje wanaoshuka leo na mizigo yao kutoka Kasai kutafuta kazi. Ukitaka Kanada impe mgeni haki ya kazi, shule na nyumba, mwanakasai wa komini ya Kenya anaidai haki hiyo hiyo kwako.