Mtoto mwenye mwili apimwe mwili, si umri

Mwanangu alirudi kutoka shule amejifunga sweta kiunoni. Ilikuwa mwezi wa kwanza, saa nane mchana, na aliyewahi kuishi Mtwara analijua fukuto la mwezi huo, hata shati huwa mzigo. Sweta lenyewe halijawahi kuvaliwa. Tulilinunua kwa sababu limo kwenye orodha ya sare, likabaki ndani ya begi. Nilipomuuliza alinyamaza. Nikalifungua mwenyewe, nikakuta kaptula imechanika msamba wote, mbele mpaka nyuma. Alikuwa darasa la tatu, na alikaa hivyo tangu mapumziko ya asubuhi.

Kaptula ile ilikuwa mpya, ya dukani. Muuzaji alimtazama mtoto juu mpaka chini, akatoa ya miaka 13. Mwanangu alikuwa na miaka 9. Kiuno kikaingia, tukapunguza urefu, tukaona mambo yamekwisha. Na mimi ni fundi cherehani. Msimu ule meza yangu hapa Chikongola ilijaa sare za watoto wa wenzangu, nikaona ya kwangu ninunue tu. Jambo lile liliniuma sana, na ndilo lililonifanya nianze kujifunza upya namna ya kumshonea mtoto mwenye mwili.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini ilichanika, maana haikumbana. Niliitandaza mezani nikaipima. Nguo ya miaka 13 hukatwa kwa mtoto mrefu, kwa hiyo kutoka kiunoni hadi msamba ni parefu. Ikivaliwa na mtoto mfupi, msamba unashuka na kuning'inia katikati ya mapaja. Akipiga hatua ndefu au akichuchumaa kucheza gololi, kila paja linavuta upande wake na kitambaa cha katikati hakina pa kwenda. Kwa hiyo nguo iliyomzidi mtoto inaweza kuchanika upesi kuliko iliyomkaa, na wazazi wengi wakiambiwa hili hawaamini mpaka waone. Shati nalo ni hivyo hivyo. Ukilichukua kubwa ili lifunge tumboni, mabega yanamwagika, mikono inafika vidoleni, kola inakaa wazi kama mdomo wa mtungi. Mtoto amefunikwa, lakini hajavaa.

Jibu nililipata Mikindani, kwa babu mmoja aliyeshona kanzu maisha yake yote. Nilimpelekea kanzu kuukuu ya baba mkwe wangu, akaniambia niifumue mshono mmoja mmoja kisha nimweleze nimeona nini. Wanaozijua kanzu wanajua kwamba badani, yaani kipande cha mbele na cha nyuma, huteremka kimenyooka kutoka begani. Upana hautoki pale. Unatoka kwenye taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoanzia chini ya kwapa vyembamba na kutanuka kuelekea chini. Na pale mkono unapokutana na ubavu kuna kikwapa, kipande kidogo kinachomwezesha mtu kunyanyua mkono bila kanzu nzima kupanda. "Bega ni la mwenyewe, mjukuu wangu," aliniambia. "Bega halinenepi." Tangu siku hiyo kila nguo ya mtoto mwenye mwili naikata hivyo. Mabega, shingo na urefu vinafuata kimo chake. Upana naongeza pale tu mwili ulipo.

Kwa hiyo kipimo ndicho kazi yenyewe, na hapa naomba usiwe na haraka. Mpime ndani, si barazani. Watoto hawa wamezoea kuvuta tumbo ndani tepu ikiwakaribia, na ukichukua kipimo hicho umeshakosea kabla ya kushika mkasi. Mimi humwambia mtoto ahesabu kwa sauti moja mpaka ishirini. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Kiuno chake usikikisie. Mfunge lastiki nyembamba, mwambie akimbie mpaka kwenye mwembe na kurudi, halafu tazama lastiki imetulia wapi. Wengine hutulia juu ya kitovu, wengine chini ya tumbo. Hapo ndipo kaptula yake itakapokaa, hata ukiikata ikae kwingine.

Kisha mpime tena amekaa, na mafundi wengi hili hawalifanyi. Mwanangu wakati ule alikuwa na mabega ya inchi 13, kifua 31, tumbo 33 akisimama. Alipokaa kwenye kigoda tumbo likawa 34 na nusu. Mtoto anakaa darasani, anakaa kwenye mkeka wa madrasa, anakaa kula. Kipimo cha kukaa ndicho cha kukatia. Pima pia mzunguko wa mkono wa juu na wa paja, maana chati za umri hazikusaidii hapo. Mwisho, pitisha tepu kutoka begani karibu na shingo, ishuke juu ya tumbo mpaka unapotaka shati liishie, halafu pima hivyo hivyo mgongoni. Kwa mwanangu mbele ilizidi nyuma kwa inchi 1 na robo. Usipoiongeza, shati litapanda mbele na kuachia nyuma, na kila mtu atadhani ni fupi.

Nikuoneshe nilivyokata shati lake. Tumbo 34 na nusu, nikaongeza inchi 3 na nusu za kupumulia, ikawa 38. Sikuigawa sawa kwa nne. Tumbo liko mbele, kwa hiyo kila nusu ya mbele nilikata inchi 10, na kila nusu ya nyuma inchi 9. Kifuani nilihitaji 35 tu, hivyo ubavu ulianza mwembamba kwapani ukatanuka taratibu kama taharizi. Bega lilibaki la mtoto wa miaka 9. Mkono niliupasua katikati kwenye karatasi, nikaufungua inchi 2 chini huku juu ukibaki umeshikana, ukatoa nafasi bila kuharibu bega. Kwapani nikatia kikwapa cha inchi 3 kwa 3. Kuna fundi atakayekushauri uchimbe kwapa chini zaidi ili mkono upate nafasi. Usikubali. Kwapa likishuka, mtoto akinyoosha mkono kujibu swali shati lote linafuata na tumbo linabaki wazi mbele ya wenzake.

Vifungo navyo usivipange kwa mazoea. Tafuta mahali tumbo limejaa zaidi, weka kifungo kimoja hapo hapo, halafu panga vingine juu na chini kwa nafasi sawa. Tumbo likiangukia katikati ya vifungo viwili, shati linafunguka kama jicho.

Kaptula nilihangaika nayo zaidi. Kina cha kutoka kiunoni hadi msamba nampima mtoto amekaa kwenye benchi gumu, ubavuni, kutoka kwenye ile lastiki mpaka kwenye ubao, naongeza robo tatu ya inchi. Nyuma naipandisha inchi 1 na nusu zaidi katikati, ikienda ikipungua mpaka kuwa sifuri ubavuni, kwa sababu makalio nayo yanahitaji kitambaa cha kuyazunguka. Bila hiyo, akiinama kaptula inashuka nyuma na mtoto anashinda siku nzima akiivuta. Kisha pale mishono minne inapokutana msambani natia kipande chenye umbo la kashata. Hicho ndicho kikwapa cha miguu. Kinautoa mshono kwenye ile sehemu inayovutwa zaidi na kumpa mtoto uhuru wa kukimbia. Nashona mara mbili, kwa uzi wa poliesta hata kama kitambaa ni cha pamba, na mshono wa ndani ya paja naulaza na kuupiga pasi usisimame kumkwaruza. Kwenye joto letu mapaja yanayogusana huchubuka upesi. Bukta laini ya pamba ndani ya sketi au kaptula inasaidia kuliko poda.

Lastiki iwe pana, inchi 1 na nusu, na iwe nyuma tu, mbele kiuno kilale bapa. Ile nyembamba ya kukaza hujikunja, huzama kwenye nyama na kuacha alama nyekundu ambayo mtoto hatakwambia.

Wasichana wananiumiza moyo kwa namna nyingine. Binti wa miaka 8 mwenye mwili huletwa na gauni la mama yake lipunguzwe, au fundi anachukua ramani ya gauni la mtu mzima na kuifupisha. Gauni la mtu mzima limekatwa kwa ajili ya matiti, lina vikunjo vya kifuani. Mtoto hana kifua hicho. Wingi wake uko tumboni. Matokeo yake kifua kinabaki na mifuko mitupu, tumbo limebanwa, na mtoto anaonekana kama mwanamke mfupi. Ni mtoto, avae kitoto. Mkatie gauni lenye kipande cha juu kinachoishia chini kidogo ya kwapa, sketi ianzie hapo na ipite tumbo bila kuligusa. Marinda yaweke mengi ubavuni, katikati ya mbele machache, kwa sababu yakijazana juu ya tumbo yanalisukuma mbele. Ongeza ule urefu wa mbele niliousema. Mfuko, kola ya duara, riboni, vyote anastahili kama watoto wengine.

Kwenye vitambaa sina mengi. Pamba ya uzito wa kati inayoteremka yenyewe ni nzuri. Kinachong'ang'ania mwili na kinachosimama kama kadibodi vyote viwili viache. Kitenge kipya kiloweke usiku kucha na kukausha kabla ya kukata, maana kikisinyaa baada ya kushonwa, ile nafasi yote uliyoihesabu imeondoka. Na tafadhali, msiwavike watoto nyeusi tupu eti inapunguza. Jua la Lindi na Mtwara halina huruma na nyeusi.

Kuna maneno nayasikia kila mara pale kwenye cherehani. "Mshonee ya kubana kidogo, ajionee." "Ngoja apungue kwanza." Ndugu zangu, mtoto anavaa leo. Kama kuna jambo la afya, lipelekwe kwa daktari, na chakula kizungumzwe nyumbani. Shati haliwezi kuwa fimbo. Nimewaona watoto wanaokataa kwenda Idd, wanaokataa kupigwa picha, na ukichunguza unakuta hawana nguo moja inayowakaa. Mafundi wenzangu, kipimo cha mtoto kiandike, usikitangaze. Wala usimwite bonge mbele ya wateja, hata kwa kumpenda. Mimi daftari langu lina jina na namba, na mtoto mwenyewe ndiye anayechagua rangi ya vifungo.

Suala la muda pia lina uzito kwetu huku kusini. Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10, pesa inaingia, na kufika mwezi wa 12 kuna watoto wanaotoka jando na unyago, kuna sikukuu, na nyuma yake sare za shule zinakaribia. Fundi aliyezidiwa hukata kwa macho. Nguo ya mtoto huyu inahitaji kujaribiwa, kwa hiyo ilete mapema, mwezi wa 11 ukiweza, na uje na kanga iliyochakaa. Hiyo ndiyo naikata kwanza. Mtoto anaivaa, anachuchumaa, anakaa chini amekunja miguu, ananyoosha mikono juu. Panapovuta naweka chaki. Kanga ikishakubali ndipo naigusa nguo yenyewe.

Ubavuni acha akiba ya inchi 1 kila upande, katikati ya nyuma ya kaptula inchi 1 na nusu, na upindo wa chini inchi 3. Kwa mwanangu nilifungua akiba hiyo mwezi wa 6, kaptula ikamfikisha hadi mwisho wa mwaka.

Na kama una shati zuri ndani ambalo tayari halifungi, usilitupe. Fumua ubavu wote kutoka upindo wa mkono hadi chini. Kata vipande viwili virefu vya pembe tatu kutoka kwenye shati jingine jeupe la mtumba, la mtu mzima, upana inchi 3 chini na inchi 1 kwapani. Acha ncha iendelee ndani ya mkono mpaka inchi chache chini ya kwapa, ifanye kazi ya kikwapa humo humo. Shona, laza mshono, piga pasi. Shati linapata inchi 5 hivi chini baada ya kutoa mishono, na mabega yanabaki palepale. Jioni moja inatosha, hata kwa cherehani ya mkono.