Dada wa Maendeleo ya Jamii, usilipie PGDE kabla hujasoma hapa

Dada, hiyo hela ya ada usiipeleke benki Jumatatu.

Nimesoma swali lako hapa jukwaani neno kwa neno. Una shahada ya Maendeleo ya Jamii, umekaa mtaani muda mrefu bila ajira, sasa umedahiliwa kusoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, hii tunayoiita PGDE, ili uwe mwalimu wa sekondari. Umeuliza kama ada inalipwa kwa awamu, BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, inakuwa miezi gani, mwenye mtoto mchanga ataweza au hataweza, na kati ya Chuo Kikuu Huria na chuo cha kukaa darasani uende wapi. Watu wamekupongeza, wamekuelekeza hosteli, mmoja kakutajia mpaka mama wa kukulelea mtoto. Hakuna aliyekuuliza linalotangulia yote hayo: shahada yako ina masomo gani ya kufundishia?

Somo la kufundishia ni somo lililopo kwenye ratiba ya sekondari. Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na mengine ya namna hiyo. Maendeleo ya Jamii halimo. Sosholojia haimo. Rasilimali Watu haimo. Ungana nami hapo kwanza, hosteli tutaijadili baadaye.

Mimi nina shahada ya Sosholojia. Nilipoamua kuingia ualimu nilikwenda kwa jamaa mmoja mwenye duka la steshenari, hawa wanaowajazia watu maombi ya vyuo kwa elfu kumi, akaniambia PGDE inafuta kila kitu, ukishaipata wewe ni mwalimu kama mwalimu mwingine yeyote. Sikumwamini moja kwa moja. Nikapanda daladala mpaka chuoni kwenyewe, dawati la udahili, na transkripti yangu mkononi, ile karatasi ya matokeo ya kila kozi. Nikauliza kwa Kiswahili cha kueleweka: na shahada hii, nikimaliza nitaajirika kama mwalimu wa sekondari? Yule afisa akachukua transkripti, akafungua ukurasa wa mwisho, akatazama GPA, yaani wastani wa ufaulu, akanirudishia. "GPA yako inatosha kabisa, karibu sana." Kurasa za katikati, zenye orodha ya masomo niliyosoma, hakuzigusa.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira hadi leo. Nilichouliza ni ajira, nilichojibiwa ni udahili. Sifa za kujiunga na chuo zinapangwa na chuo, na chuo kinataka wanafunzi walipe ada. Sifa za kuajiriwa zinaandikwa kwenye tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko hakuna anayejali kwamba chuo kilikupokea kwa mikono miwili. Ni milango miwili, ina walinzi wawili, na hawaongei. Na wale wa chuoni wanajua! Kila mwaka wahitimu wao wanarudi kuchukua vyeti na kulalamika pale pale dirishani. Wangeweza kubandika karatasi moja tu ukutani. Wakala wa steshenari namsamehe kwa sababu yeye anatafuta elfu kumi yake. Afisa aliyeajiriwa kushauri watu simsamehi.

Ada yangu ilitoka kwenye mkopo wa VICOBA ambao mke wangu alichukua kwa jina lake. Wenye vikoba humu mnajua wiki ya marejesho inavyokuja.

Sasa nieleze kwa nini PGDE haiwezi kuziba hilo pengo, maana kuna mtu hapo juu kakuambia "utachagua masomo ya kufundisha ukiwa ndani". Ukiwa ndani utasoma saikolojia ya elimu, misingi na falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, uongozi wa shule, na mbinu za kufundishia. Yaani unafundishwa namna ya kufundisha. Hufundishwi Kemia. Hufundishwi Jiografia. Kozi nzima imejengwa juu ya dhana kwamba maarifa ya somo lenyewe umekuja nayo kutoka shahada ya kwanza. Ndiyo maana aliyesoma shahada ya Fizikia na Hisabati, au ya Kiswahili na Historia, akiongeza PGDE anakuwa mwalimu kamili. Wewe na mimi tukiongeza tunakuwa wataalamu wa namna ya kufundisha kitu ambacho hakimo kwenye vyeti vyetu.

Mimi walinipanga mbinu za kufundishia Uraia na GS (General Studies ya kidato cha tano na sita), wakasema Sosholojia "inakaribiana". Kukaribiana! Neno hilo ukilisikia chuoni, simama, omba waliandike kwenye karatasi yenye mhuri. Hawataandika. Na kwako ni hatari zaidi kuliko ilivyokuwa kwangu, kwa sababu mtaala mpya wa sekondari umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na Uraia ule tuliousoma sisi unaondoka pamoja na madarasa ya mtaala wa zamani. Anayekuahidi leo kwamba utafundisha Uraia anakuuzia kiti kwenye basi linaloingia gereji.

Umeuliza BTP. Nitakujibu, ila si kwa namna uliyouliza. BTP ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nilipangiwa shule ya kata, kidato cha pili, darasa limejaa mpaka wengine wanaandikia mapajani. Usiku unaandaa azimio la kazi na andalio la somo, unachora zana zako kwenye manila, asubuhi unaingia na dakika 40 zako. Siku ya kukaguliwa mhadhiri alikaa dawati la nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo, na fomu yake gotini. Nilikuwa nafundisha haki za binadamu. Binti mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu nifike akanyoosha, akauliza: mtoto akifukuzwa shule kwa kukosa mchango, haki yake imevunjwa na nani? Darasa lote likageuka. Niliacha andalio langu mezani tukajadili swali lake mpaka kengele. Mhadhiri aliandika kwenye fomu kwamba ninajua kusikiliza darasa. Ile fomu ninayo. Nasema haya ili mtu asije akadhani ninaichukia kozi. Kufundisha ninakujua na ninakupenda, na ndiyo maana linaniuma.

Nikahitimu. Nafasi za walimu zilipotangazwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira nikaingia kuomba. Mwalimu Daraja la III C, yaani ngazi ya shahada. Tangazo lina njia mbili za kuingilia: uwe na shahada ya ualimu yenye masomo husika, au uwe na shahada nyingine iliyobeba masomo ya kufundishia, ndipo uongeze stashahada ya uzamili ya ualimu. Soma hiyo sentensi tena, dada. Shahada iliyobeba masomo. PGDE inakuja baada ya hapo, haiji badala yake. Majibu yangu yalirudi kwamba sijakidhi vigezo, shahada haina somo la kufundishia. Kwenye usaili sikufika, hata kujibu swali moja. Wenzangu niliosoma nao PGDE darasa moja, wenye shahada za Kemia na Biolojia, waliitwa.

Mnaojiandaa kunicheka, chekeni mkimaliza kusoma.

Kwa hiyo fanya hivi usiku wa leo, ni kazi ya nusu saa. Tafuta tangazo la karibuni la Mwalimu Daraja la III C, soma sifa za mwombaji peke yake, achana na maelezo mengine. Chukua transkripti yako na penseli. Pita mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, kila kozi ambayo ni somo la sekondari kwa jina lake na kwa maudhui yake, piga mstari. Usijionee huruma. "Takwimu kwa Maafisa Maendeleo" si Hisabati. "Stadi za Mawasiliano" si Kiingereza, hiyo kila mtu kaisoma. Ukimaliza uone kama kuna masomo mawili yaliyosimama miaka yote ya shahada, si kozi moja iliyopita kama mgeni muhula wa kwanza. Kama yapo, kalipe ada na Mungu akutangulie. Kama hayapo, PGDE haitayazalisha. Usimuulize mtu wa udahili, usimuulize wakala. Uliza tangazo.

Na msidhani ni roho mbaya ya Tanzania peke yake. Kenya nako TSC, tume yao ya walimu, inadai masomo mawili ya kufundishia, tena wao wanarudi nyuma hadi KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wanataka C+ katika masomo hayo hayo mawili. Mwalimu wa sekondari, huku na Kenya, anapimwa kwa masomo yake mawili, ukubwa wa cheti unafuata.

Kuna aliyesema "shule binafsi hawajali, nenda tu". Nipo shule binafsi sasa hivi. Wanakupokea, ni kweli, na wapo wanaolipa vizuri. Lakini mwenye shule anakijua kilichomo na kisichokuwemo kwenye vyeti vyako kuliko unavyokijua wewe, na siku ya kupanga mshahara atakikumbuka. Ukimlalamikia kuchelewa kwa malipo anakuuliza utakwenda wapi. Usisome mwaka mzima na kulipa ada ili uje kuulizwa swali hilo.

Kama ualimu umo damuni kweli, fukua matokeo yako ya kidato cha sita. Kama ulisoma mchepuo wa HGK, HKL, HGL au CBG na una principal pass mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4.0, mlango wa shahada ya ualimu yenyewe, miaka mitatu, bado uko wazi kwako. Utasema miaka mitatu ni mingi. Ni mingi. Mimi ndiyo njia niliyoshika sasa, nikifundisha huku nasoma, na ningeianza siku ile ile kama yule afisa angefungua ukurasa wa pili.

Halafu kuna jambo ambalo nashangaa hakuna aliyekuambia: shahada yako ina kada yake. Afisa Maendeleo ya Jamii, Daraja la II, halmashauri zinawaajiri kupitia mfumo ule ule, na sifa wanayoitaka ni shahada uliyonayo kabatini. Unataka kulipa ili ukasimame kwenye foleni ambayo jina lako halimo, na foleni yako umeiacha. Wanaoajiriwa huko si wengi, sikudanganyi, lakini huko angalau karatasi zako zitafunguliwa.

Masuala ya ada kwa awamu na mtoto, wenye uzoefu watakujibu, mimi nimeandika mpaka simu inataka kuzima. Ninachokuomba ni kimoja. Usinitumie GPA. Andika hapa chini kozi zako za mwaka wa pili na wa tatu, majina tu. Nikishalaza watoto nitazipitia moja moja na tangazo pembeni, nitakujibu kabla ya Jumatatu.