Tetesi za kampuni ya simu kununua kampuni ya burudani: kabla hujakimbilia hisa

Umeuliza kama ununue hisa sasa, kwa kuwa WhatsApp imejaa tetesi kwamba kampuni ya simu iko mbioni kuinunua ya burudani. Usinunue kwa tetesi. Kama inayonunuliwa imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, fungua matangazo ya soko, utafute majina ya pande zote mbili, asilimia ya hisa na bei ya kila hisa. Bila bei, hayo bado ni mazungumzo.

Bei ikitajwa, piga hesabu. Tuseme hisa ilikuwa Sh20, ofa ni Sh30, na sokoni leo inauzwa Sh27. Imeshapanda shilingi 7 kati ya 10, yaani soko linaupa mpango huo nafasi kama 70 kwa 100. Ukinunua kwa 27 unawinda shilingi 3, tena dalali hajakata ada yake. Mpango ukivunjika, unaweza kupoteza 7. Wengi huteleza hapa: wanaiona 30, wanaisahau 20. Na hiyo 20 iwe bei ya kabla tetesi hazijaanza, si ya siku moja kabla ya tangazo, maana kufikia hapo wajuaji wameshainunua wakaipandisha.

Kisha kuna kibali. Chini ya Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, muungano unaohitaji idhini ya Mamlaka ya Ushindani hauna nguvu bila idhini hiyo. Airtel na Telkom Kenya walitangaza kuungana Februari 2019, wakapewa idhini yenye masharti, na Agosti 2020 mpango ukaachwa. Mwaka mmoja na nusu, na hao wote walikuwa wa simu!

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni deni. Oktoba 2016 AT&T kampuni ya simu ya Marekani, ilikubali kuinunua Time Warner, kampuni ya filamu na televisheni, kwa dola bilioni 85 hivi; ukijumlisha madeni, karibu bilioni 109. Serikali ikaenda mahakamani kuzuia, ikashindwa, na ununuzi ukakamilika Juni 2018. Mtandao wa simu hauachi kula fedha: masafa, minara, faiba. Studio nayo hutoa fedha za kutengeneza vipindi muda mrefu kabla havijaingiza chochote. Mei 2021 AT&T ikatangaza kuitenga biashara hiyo iungane na Discovery, kampuni ya televisheni, na Aprili 2022 ikaachana nayo. Gawio la mwaka, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, likashushwa kutoka dola 2.08 kwa hisa hadi 1.11. Anayeshika hisa za simu kwa ajili ya gawio aitazame namba hiyo vizuri.

Kampuni ya simu ikitaka bando la video inaweza kusaini mkataba tu na mwenye vipindi. Ikimnunua kisha iwafungie wateja wake pekee vipindi hivyo, inapoteza mapato ya watazamaji wa mitandao mingine.

Kwa hiyo shika taarifa ya mwaka ya mnunuzi: chukua mikopo yote, toa fedha taslimu, gawanya kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Ongeza mkopo wa ununuzi, ugawanye tena. Ikivuka 3, mimi huhesabu gawio liko hatarini.

Kama tayari una hisa za inayonunuliwa, soma utalipwa nini. Wa Time Warner walilipwa nusu taslimu, nusu hisa za AT&T; aliyebaki nazo hizo hisa alibaki na sehemu yake ya deni.